Soko, Mlo na Usiku wa Rumonge: Kiswahili Kilivyodumu Mwambao wa Burundi

Historia ya Kiswahili nchini Burundi, kama inavyofundishwa katika kozi nyingi za isimujamii, hupangwa kwa kufuata watawala. Walikuja Wajerumani wakakitumia. Wakaja Wabelgiji wakakipunguzia nafasi. Ukaja uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Kirundi na Kifaransa vikashika hatamu. Kisha nchi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikakaribishwa rasmi. Mpangilio huo si wa uongo. Ila unaacha swali moja bila jibu. Katika ile miaka mingi ambayo si serikali, si kanisa, wala si shule ya msingi iliyokilea, Kiswahili kilikuwa kinaishi wapi, na kilikuwa kinakula nini?

Jibu la makala haya ni fupi, na huenda lisiwafurahishe wale wanaopenda lugha iwe na nasaba tukufu. Mchana kilikuwa sokoni kinapatana bei. Jioni kilikuwa penye mishikaki na chai. Usiku kilikuwa ziwani kinavua. Tutaitazama historia hiyo kutoka Rumonge, kisha tutaifuata hadi Bujumbura, kwa kuwa mji ule mkubwa umelishwa na mwambao huu tangu ulipozaliwa.

Rumonge uko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 70 kwa barabara ya taifa namba 3, inayopita kati ya maji na milima. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina lake, na katika mpango wa mikoa mitano ulioanza kutumika mwaka 2025 uko katika mkoa wa Burunga. Mpangilio wa ardhi yenyewe ni muhimu kuliko mipaka hiyo inayobadilika. Tambarare ya Imbo ni nyembamba. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha karibu mita 1,470, na upande wa pili milima inapanda ghafla. Ng'ambo ni Kongo, na rasi ya Ubwari huonekana siku ya anga safi. Mtu wa Rumonge wa zamani aliona ni rahisi zaidi kwenda Ujiji au Ubwari kwa mtumbwi kuliko kupanda mlima kwenda Gitega kwa miguu. Anayesahau jambo hilo hataelewa kwa nini Kiswahili kilikaa hapa chini na hakikupanda.

Burton na Speke waliingia Ujiji mwezi Februari 1858 wakakuta soko ambalo tayari lilikuwa la zamani. Palikuwa na samaki, mafuta ya mawese, nafaka, chumvi ya Uvinza, vitambaa vya merikani na kaniki, na pembe za ndovu. Palikuwa pia na watu wakiuzwa. Hilo tusilifiche tunaposifu biashara ya ziwa, maana lugha tunayoifundisha ilipatana bei ya binadamu kwa sauti ileile iliyopatana bei ya samaki. Miezi michache baadaye wasafiri hao walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini, wakapita mwambao wa Urundi, wakavuka hadi Ubwari ambayo Burton aliidhani kuwa kisiwa, na kutoka huko wakaenda Uvira. Njia hiyo haikubuniwa na Wazungu. Ilikuwa njia ya wachuuzi wa ziwa, na mitumbwi na wapiga makasia walikuwa wa huko huko.

Kuhusu Ujiji hiyohiyo, Cameron, aliyefika Februari 1874, ameacha habari ambayo mimi huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Soko lilikuwa na fedha yake maalumu, shanga zilizoitwa sofi, ambazo yeye alizifananisha na vipande vya shina la kiko. Asubuhi, soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walizitoa kwa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi na wakapata faida jioni. Tazama basi: kabla ya mkoloni kuweka benki mwambao huu, palikuwa na wabadilishaji fedha, palikuwa na kiwango cha kununulia na kiwango cha kuuzia, na palikuwa na lugha ya kubishania viwango hivyo. Karne moja na nusu baadaye, mwezi Februari 2020, Benki Kuu ya Burundi ilifunga maduka yote ya kubadilisha fedha, ikayaruhusu tena mwaka 2022. Katika miji ya mpakani ambako faranga ya Burundi, shilingi ya Tanzania na faranga ya Kongo hukutana katika kikapu kimoja, kufunga duka hakukufunga mdomo. Wajukuu wa wale wa sofi waliendelea na kazi.

Kwa nini basi Kiswahili hakikuenea nchi nzima kama kilivyoenea upande wa Tabora? Sababu ya kwanza ni Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala takriban nusu karne hadi alipofariki mwaka 1908. Wafanyabiashara wa Ujiji, na hasa Muhammad bin Khalfan al-Barwani aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kuingia bara ya Urundi kwa nguvu wakashindwa. Walipata mwambao, milima hawakuipata. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita Mapadri Weupe, walianzisha kituo Rumonge mwaka 1879, na mwezi Mei 1881 watatu kati yao waliuawa hapo, kituo kikaachwa. Kwa hiyo mji huu ulikuwa mlango uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kilichobaki mlangoni, kila mara ulipofungwa, kilikuwa soko.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walikuja na askari, wapagazi na makarani waliosema Kiswahili, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na Waswahili wa Ujiji na Tabora. Lakini alama kubwa kuliko zote waliyoiacha katika lugha haimo ofisini. Mwaka 1904 serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawa rupia katika heller 100. Sarafu hiyo ndogo ya shaba ndiyo iliyofika mkononi mwa mama muuza samaki, na ndiyo iliyotupa neno hela. Wajerumani waliondoka mwaka 1916. Heller ikatoweka, ikaja faranga ya Kongo ya Kibelgiji, ikaja faranga ya pamoja ya Rwanda na Burundi mwaka 1960, ikaja faranga ya Burundi mwaka 1964. Hata hivyo, mkulima wa Gitega ambaye hajasema sentensi moja ya Kiswahili maishani mwake bado huita fedha yake amahera. Maneno iduka, isukari na isabuni yalipanda mlima kwa njia hiyohiyo. Mwami aliwazuia wafanyabiashara wenye bunduki. Bidhaa zao hazikuzuilika, na kila bidhaa ilipanda na jina lake.

Chini ya Wabelgiji mambo yaligeuka kwa namna ambayo athari yake tungali nayo. Wakazi Waafrika wa Usumbura walipangiwa mitaa yao, na Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili, yaani Waislamu na watu wa biashara waliotoka Ujiji, Uvira, Rumonge na kwingineko. Rumonge nao ulikuwa na watu wa namna hiyo. Kanisa, lililoshika shule, liliona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu na ya mjini, likachagua Kirundi kwa katekisimu na Kifaransa kwa wachache watakaoendelea mbele. Mtoto wa Buyenzi au wa Rumonge alijikuta anasema lugha ambayo haina cheti. Ndipo neno umuswahili lilipopata katika Kirundi maana ambayo kila Mrundi anaifahamu: mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu asiyeaminika. Wenzetu wa Dar es Salaam wasicheke, maana nao wana mambo yao ya Uswahilini.

Mimi nina maoni yangu kuhusu maana hiyo. Wengi hueleza kuwa ni chuki ya dini au ya kabila, na sehemu ya ukweli imo humo. Lakini tukilitazama neno kama wanaisimu, tunaona linaeleza kwa usahihi wa ajabu jinsi mtu wa mlimani alivyoliona soko la chini. Mkulima alishuka na mzigo wa maharage. Katika jamii yake, thamani ya kitu ilifungwa na uhusiano: ng'ombe wa ubugabire, pombe ya kumwamkia mkubwa, zawadi ya kurudishwa siku yake ikifika. Akafika Rumonge akakuta mtu anayemtajia bei ambayo mwenyewe haiamini, halafu anaibadilisha mara nne huku akicheka, halafu anamwita shemeji. Kwa mkulima, bei ya kwanza ilikuwa kauli, na kauli iliyobadilika ni uongo. Kwa mtu wa sokoni, bei ya kwanza ni hodi.

Hebu tusikilize mazungumzo ya kawaida, ambayo msomaji anaweza kuyasikia Rumonge au katika soko la Ruvumera kule Buyenzi siku yoyote:

— Mama, kitenge hiki bei gani?
— Elfu arobaini tu. Karibu.
— Eeh! Arobaini? Si kilikuwa ishirini?
— Ishirini ni cha zamani. Sema yako.
— Nina ishirini na mbili.
— Ongeza, shemeji. Hiyo hata bei niliyonunulia haifiki.
— Basi, acha niende.
— Njoo! Unaenda wapi? Hatujapatana bado.

Hakuna aliyedanganywa hapa. Arobaini si taarifa, ni mwaliko. "Acha niende" si kuaga, na mama anajua, ndiyo maana hakuinuka. Mnunuzi atakayelipa arobaini bila neno atapewa kitenge chake, lakini muuzaji ataudhika kidogo, kama mwenyeji aliyeletewa mgeni asiyetaka kuketi. Na lile neno la mwisho, kupatana, linastahili tulisimamie. Umbo lake ni la kitenzi cha kutendana: wawili wanapata, kila mmoja kwa mwenzake. Ndilo neno tunalolitumia kwa bei, na ndilo tunalolitumia kwa watu waliogombana wakarudiana. Kirundi kina neno lake zuri la kushindania bei, guciririkanya, lakini halifanyi kazi hizo mbili kwa pamoja. Sijui lugha nyingi ambazo mwenye duka na msuluhishi hutumia kitenzi kimoja.

Neno hilo lina uzito wa pekee Rumonge, na hapa inabidi tuseme habari ya michikichi. Zao hili ni la zamani mwambaoni. Burton alikuta mawese yakiuzwa Ujiji. Katika wakati wa Wabelgiji na baada ya uhuru mashamba yalipanuliwa katika tambarare ya Imbo ya kusini, na Rumonge ukawa mji mkuu wa mawese wa nchi nzima. Mafuta ya kupikia na sabuni za Bujumbura vinatoka huku. Ukipita mjini utaona madumu ya lita ishirini, ambayo hapa kwetu huitwa mabidoni, yamepangwa barabarani, mafuta mekundu yakisubiri gari. Bei ya bidoni hupanda na kushuka kwa msimu wa kuvuna, na mchuuzi anayetoka Bujumbura bila kujua msimu hurudi amechekwa.

Lakini michikichi hiyo imesimama juu ya ardhi yenye kisa. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika eneo hili la kusini, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwamo. Mauaji yaliyofanywa na waasi yalifuatwa na mauaji makubwa zaidi ya Wahutu katika nchi nzima, yaliyotekelezwa na vyombo vya dola. Watu wa mwambao walikimbia kwa njia waliyoijua, yaani kwa maji, wakaenda Kigoma na Kongo. Wengi waliishia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Tanzania bara. Ardhi walizoziacha ziligawiwa wengine, na nyingine zikaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Kuanzia mwaka 2008 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa 1972 na watoto wao walirejea Burundi, ilhali wengine zaidi ya laki moja na nusu walichagua uraia wa Tanzania. Waliorudi Rumonge walikuta mtu mwingine anavuna chini ya mchikichi waliouita wa baba yao. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilishughulikia migogoro hiyo kwa miaka mingi, na si kila mmoja aliridhika.

Watoto hao walisoma Tanzania. Walikuja na Kiswahili cha darasani, kilichonyooka, chenye ngeli zake zote. Kifaransa hawakujua, na Kirundi chao kilikuwa cha nyumbani. Shuleni walirudishwa madarasa ya nyuma kwa sababu ya Kifaransa. Ofisini hawakuwa na lugha ya kuandikia barua. Mahali pekee ambapo ujuzi wao uliwafaa tangu siku ya kwanza palikuwa sokoni na bandarini. Kwa hiyo Kiswahili cha Rumonge leo kina tabaka mbili zinazosikika wazi: kile cha wazee wa mwambao, chenye maneno ya Kirundi na Kifaransa ndani yake, na kile cha waliorudi, ambacho majirani hukiita cha Tanzania. Mwenye bidoni akiwa wa kwanza na mwenye dumu akiwa wa pili, wataelewana tu, maana mafuta ni yaleyale. Je, wamepatana? Hilo ni swali la mahakama, na pia la chini ya mchikichi.

Sasa tuingie usiku. Katika miji mingi, kusema maisha ya usiku ni kusema starehe. Rumonge ni kinyume: usiku ni wakati wa kazi, na ukitazama ziwa saa nne usiku utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi. Samaki mdogo wa ziwa hili hufuata mwanga, na uvuvi wa moto ni wa kale: mvuvi mmoja au wawili katika mtumbwi, mwenge wa matete au kuni ukiwaka, na wavu wa mpini mrefu uitwao lusenga wa kumchota samaki aliyepanda. Karne ya 20 ilileta karabai. Wavuvi wa Kigiriki waliokaa Usumbura walianzisha katika miaka ya 1950 uvuvi wa meli na nyavu kubwa za kuzungusha. Wenyeji wakafuata njia yao wenyewe, wakaunganisha mitumbwi miwili kwa miti na kuning'iniza wavu katikati. Baadaye wakapanua chombo hicho na nyavu zake, na aina iliyo kubwa zaidi ikaitwa Apollo, kama chombo cha kwenda mwezini. Jina hilo lina mzaha wake, kwa sababu tutakazoziona. Siku hizi karabai zimepungua, taa za betri zimechukua nafasi yake.

Samaki huyo mdogo tunamwita ndagala. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, ni dagaa. Wanafunzi wa isimu historia watakuwa wameshaona kilichotokea: Kiswahili kilidondosha l kati ya irabu mbili, kama kilivyofanya katika zaa, ambayo l yake hurudi tunaposema mzaliwa. Bila shaka ni neno moja lenye paspoti mbili. Mukeke wetu, yule samaki mrefu wa fedha, Kigoma huitwa mgebuka, na hapo hakuna sheria ya sauti itakayotusaidia. Kuhe ni kuhe pande zote.

Alfajiri vyombo vinaporudi, mnada mdogo hufanyika ufukweni. Wanaonunua ni wanawake kwa sehemu kubwa. Hununua kwa beseni, wakiwa na dakika chache tu za kuamua kabla ya jua kupanda. Hapa bei hupatanwa kwa kasi, maneno ni mafupi, na lugha ni mchanganyiko: nambari kwa Kiswahili, lawama kwa Kirundi. Sehemu huanikwa mchangani au kwenye vichanja vya waya, sehemu hupakiwa kwenda Bujumbura ikiwa mbichi. Saa sita mchana ndagala wa Rumonge wako kwenye sufuria Buyenzi.

Kula nje, katika mji mkubwa kama Bujumbura, kuna historia inayofuata njia hizohizo. Wahindi na Waarabu wa Omani waliokaa mtaa ulioitwa wa Waasia, karibu na bandari, walileta sambusa, chapati na pilau; Waswahili wa Buyenzi wakazifanya zao. Kongo ilichangia sombe na muziki. Mlimani kulitoka maharage na ndizi. Mishikaki ya mbuzi huitwa burusheti, kwa neno lililotoka katika Kifaransa, lakini mchomaji huiuza kama mishikaki yoyote ya Afrika Mashariki, kijiti kimoja kimoja, na ndizi ya kuchoma pembeni. Mukeke wa kuchoma, uliopasuliwa na kupakwa kitunguu na pilipili, na ugali wa muhogo, ni mlo wa kumpa mgeni. Namwonya mgeni jambo moja: pilipili ya Burundi ni ndogo na ina dharau.

Mwaka 1955 kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa Usumbura, na chupa kubwa ya Primus ikaanza safari yake hadi kila kilima. Kwa historia yetu, bia hii ilileta jambo geni kuliko ladha yake. Ilileta bei moja. Kiwanda hutangaza bei ya chupa, na mnywaji hawezi kumwambia mwenye kabare "punguza". Pombe ya ndizi, urwarwa, ilikuwa na kipimo chake, majadiliano yake, na mirija inayozama katika chungu kimoja. Primus ilifungwa kwa kizibo na kwa bei. Basi ubishi ulihamia kwingine. Hupatanwa siku ya kulipa deni, hupatanwa mishikaki, na miaka ya karibuni, bia inapoadimika, bei rasmi hubaki ukutani na bei halisi husemwa sikioni.

Upande wa pili wa barabara ileile kuna usiku mwingine. Rumonge na Buyenzi zina Waislamu wengi, na baada ya sala ya isha mabaraza hujaa watu wenye vikombe vya kahawa na chai ya tangawizi. Mwezi wa Ramadhani usiku huo hurefuka hadi daku. Watafiti wa maisha ya mjini huandika kurasa nyingi juu ya kabare na mistari miwili juu ya baraza, kwa sababu barazani hakuna muziki wa kuwavutia. Ni kasoro. Kiswahili kizuri zaidi cha mji huzungumzwa pale, na wafanyabiashara wengi hukubaliana pale mambo ambayo sokoni walijifanya kubishania.

Usiku huu wote, wa bia na wa kahawa, ulinyamazishwa kwa miaka mingi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993 na vita kuanza, Bujumbura iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na saa zake zilibadilishwa mara kwa mara hadi amri ilipoondolewa mwaka 2006. Uvuvi wa usiku nao ulizuiwa mara kadhaa kwa sababu za usalama. Starehe zilihamia alasiri. Aliyechelewa alilala alikokuwa. Kuna kizazi cha watu wa Bujumbura ambao hadi leo, ikifika saa tatu usiku, hutazama saa bila kujua kwa nini.

Msiba mwingine uliupata mji mchana. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Maelfu ya wachuuzi walipoteza mitaji siku moja. Wengi walihamia masoko ya mitaani, Ruvumera likiwamo, na kwa sababu hiyo kitovu cha biashara ya rejareja kiliondoka katikati ya mji, ambako Kifaransa kilikuwa kikisikika dukani, kikasogea Buyenzi, kwa Waswahili. Sijaona mtu aliyeliandika tukio hilo kama tukio la historia ya lugha. Lilikuwa hivyo.

Sasa nigeukie darasa letu. Tangu Kiswahili kilipoingizwa katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, na hasa baada ya Jumuiya kukifanya kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021, idadi ya wanaotaka kukifundisha imeongezeka. Miongoni mwao wamo vijana wa Rumonge. Nao huwa wanyamavu kuliko wote. Mwenzao wa Ngozi, aliyejifunza kutoka vitabuni, huinua mkono. Wao, waliozaliwa ndani ya lugha, huogopa, kwa sababu mara ya kwanza walipofungua mdomo walirekebishwa: usiseme bidoni, usiseme ndagala, hicho ni Kiswahili cha sokoni. Sikatai usanifu. Mwalimu atakayemfundisha mtoto lazima aijue sarufi sanifu, na mtihani hautasahihishwa na muuza kitenge. Lakini mwanafunzi anayeambiwa "cha sokoni" anasikia jambo jingine chini yake. Anasikia umuswahili. Anasikia lile neno la mlimani, safari hii likitoka katika kinywa cha mhadhiri wa Kiswahili mwenyewe.

Na sokoni kuna sarufi. Mwaka jana niliwatuma wanafunzi wa mwaka wa pili wakaandike, kwa ruhusa ya wenyewe, jinsi wauzaji wanavyokataa bei bila kumfukuza mteja. Walirudi na masharti ya kila namna, na -ngeli- ya mtu asiyewahi kufundishwa hali ya masharti: "ungelikuja asubuhi ningelikupa". Walirudi na dhamira tegemezi, na heshima iliyopimwa kwa umri, na majina ya ukoo yanayotolewa kwa mgeni kama kiti. Aliyeandika kurasa nyingi zaidi alikuwa binti wa Rumonge. Wenzake walimwuliza maswali hadi muda wa kipindi ukaisha, na hakuna aliyemrekebisha.

Yapo mambo ambayo soko lenyewe haliwezi kuyapatana. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kuwa kuongezeka kwa joto kumepunguza rutuba ya maji ya juu ya Ziwa Tanganyika, na samaki pamoja nayo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Nyavu ni nyingi na ziwa ni lile lile. Wazee wa Rumonge wana kizuizi chao cha zamani zaidi, kisichotangazwa na wizara yoyote: mwezi. Mwezi mpevu unapoangaza maji yote, taa ya mvuvi haina nguvu, ndagala hutawanyika, na vyombo, hata zile Apollo, hubaki ufukweni kwa siku kadhaa. Ndizo siku ambazo Rumonge hufanana na miji mingine. Vijana wana nafasi na wamelala vya kutosha. Harusi hupangwa wakati huo. Kabare na mabaraza hujaa hadi usiku wa manane, na taa ziko nchi kavu. Kule Bujumbura, siku hizohizo, fungu la ndagala hupungua ukubwa na bei yake hupanda. Mnunuzi asiyeangalia juu hubishana na mama wa Ruvumera kwa nusu saa bila kupunguziwa kitu. Anayejua hununua siku tatu kabla.